Mlango Usio na Komeo: Kihoro cha Miaka na Kinachoufanyia Mwili

(Mazungumzo niliyoyatoa Wete, Pemba, mbele ya wakunga, walimu wa skuli na madrasa, masheha na wazazi. Waliokuwepo waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, masheikh na walimu wetu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Najua ni msimu. Kila aliyekaa hapa ameacha karafuu zake juani, na jicho moja liko kwenye wingu. Sitawachosha, lakini sitakwenda mbio, kwa sababu jambo lenyewe tumelipitia mbio miaka mingi, na mimi nikiwa mmoja wao.

Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi. Leo nataka nianze na kosa langu.

Nilikuwa bado kijana kazini. Asubuhi moja alikuja mama, buibui lake limefifia kwa jua, viatu kavishika mkononi. Alikuwa katoka kisiwani, kavuka kwa mtumbwi, kisha kapanda gari ya abiria. Nikamuuliza, "Unaumwa na nini, mama?" Akasema, "Mwili wote, mwanangu. Kama niliyepigwa." Nikamuuliza ni wapi hasa. Akashika shingo, akashika mabega, akagusa kifua, akaweka kiganja juu ya tumbo, mwisho akaiacha mikono ikaangukia mapajani. Tukampima damu, tukatazama malaria, mkojo, choo. Hapana kitu. Presha ilikuwa juu kidogo. Nikamwandikia vidonge vya maumivu, nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye foleni ndefu mlangoni, "Mama, huna maradhi wewe. Una mawazo tu. Nenda kapumzike."

Alinitazama. Akakikunja kile kikaratasi cha dawa, akakitia kwenye pindo la kanga, akapiga fundo, akapiga la pili, akaondoka. Mwaka ule alirudi mara nne, na mara zote nne nilimpa vidonge vile vile.

Ndugu zangu, hilo neno "tu" ndilo lililonileta hapa. Nimekuja kulifuta. Mawazo hayakuwa "tu". Mama yule alikuwa mgonjwa kweli, anaumwa kweli, na maumivu yake yalikuwa na njia zinazojulikana ndani ya mwili, za damu na tezi na mishipa. Ila hakuna aliyemuuliza swali moja, nalo ni hili: kumekupitia nini?

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na maneno. Walisema fulani kafa kwa kihoro. Walisema fulani ana jakamoyo, halali, hali. Walisema maini yanamkatika, roho iko juu, tumbo joto, mwili umemwingia baridi. Tazameni hayo maneno, hakuna hata moja linalokaa kichwani. Yote yako kifuani, tumboni, kwenye maini. Mswahili hajawahi kudhani kuwa huzuni inakaa peke yake mahali isipoumiza nyama. Sisi tuliosoma ndio tuliokuja na mwiko wa kugawa: huku maradhi ya kweli, kule mawazo.

Na masheikh waliopo watanisahihisha nikikosea: katika Sura Yusuf, aya ya 84, Mwenyezi Mungu anatuambia habari za Nabii Yaaqub, kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe. Mtume wa Mungu, mwenye subira njema, aliyeahidi mwenyewe kuwa atasubiri, na bado huzuni ikamfika machoni. Basi mtu akikwambieni kwamba anayeumwa mwili kwa huzuni imani yake ni dhaifu, mkumbusheni Nabii Yaaqub.

Sasa nieleze inavyokuwa.

Umetoka shamba, magharibi inaingia, unakanyaga majani makavu, mara nyoka anainua kichwa mbele ya mguu. Kabla hujawahi kusema audhubillahi, mwili ushaanza kazi. Ubongo umepeleka habari kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Tezi zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia mapajani, tumbo linasimamisha shughuli zake, ini linafungua ghala la sukari. Nyuma yake inafuata homoni ya pili, kotisoli, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kuni hazimaliziki jikoni mpaka hatari ipite. Nyoka akishakwenda zake, unakaa chini ya mkarafuu, unatetemeka, unakunywa maji, na kila kitu kinarudi mahali pake. Hiyo ni neema. Bila ya hiyo tusingekuwepo hapa.

Lakini nyoka asipoondoka?

Mke ambaye kila usiku anasikiliza miguu ya mumewe inavyokanyaga uani, apate kujua leo kaja vipi. Mtoto anayelala chumba kimoja na anayemdhuru. Mtu mwenye deni analoulizwa kila akipita barabarani. Mama asiyejua mwanawe yuko hai au kafa. Kwao hao nyoka kasimama miaka.

Fikirini mtu yuko kwenye ngalawa inayovuja. Anafua maji kwa kopo. Saa ya kwanza ana nguvu, anaimba. Saa ya sita mikono inawaka. Kuchakucha bado anafua, na hajaweza kutupa mshipi, hajatengeneza tanga, hajala. Ngalawa haijazama, na ukiiona kwa mbali utasema iko salama. Mwili wa mtu mwenye kiwewe cha muda mrefu ndivyo ulivyo. Nguvu zote zinakwenda kwenye kufua maji. Kazi nyingine za mwili, kuponya kidonda, kusaga chakula, kupigana na vijidudu, kulala, zinangoja zamu ambayo haifiki.

Haya yameonekana kwa macho. Mwaka 1936 daktari Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, aliandika alichokikuta kwa panya waliotiwa kwenye mateso ya namna mbalimbali. Mateso yalikuwa tofauti, lakini ndani ya miili yao alikuta yale yale: tezi za juu ya figo zimevimba, tezi ya kinga iliyo kifuani imesinyaa, tumbo limefanya vidonda. Tangu hapo elimu imepanuka sana, na mengine aliyoyadhani yamesahihishwa, lakini lile la msingi limebaki.

Na mfano wa binadamu upo. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye maradhi ya kusahau, wakawachukua na wengine 13 wa umri ule ule wasiokuwa na mzigo huo. Kila mmoja alifanywa kidonda kidogo mkononi, cha ukubwa mmoja, na daktari, kwa ridhaa yake. Kisha wakahesabu siku. Vidonda vya wale wauguzaji vilichukua siku tisa zaidi kupona. Mama zangu, ni nani hapa hajapata kumuuguza mama mkwe au baba aliyelala kitandani mwaka mzima? Mwenyewe ukijikata na kisu cha muhogo, kidonda hakifungi, unasema labda ni sukari. Kapime sukari, ndiyo, ni lazima. Lakini jiulize pia ni lini mara ya mwisho ulilala usiku mmoja ukaisha.

Na sukari yenyewe imo humu humu. Nimesema kotisoli inaliambia ini litoe sukari. Mgonjwa wa sukari anayeishi na hofu anafuata masharti yote, kaacha wali, kaacha chai ya sukari, na mashine bado inasoma juu. Tunamgombeza kuwa anakula kwa siri. Mara nyingine anakula kwa siri kweli. Mara nyingine mwili wake ndio unaomtilia sukari kwenye damu saa nane ya usiku, yeye kakodoa macho darini.

Hapa kuna jambo nataka niliseme polepole, kwa sababu nimeliona likiua. Sisi tunasema mawazo yanaleta vidonda vya tumbo. Si sawasawa hivyo. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria, jambo lililothibitishwa na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na bakteria huyo anatibika kwa dawa. Sababu kubwa ya pili ni vidonge vikali vya maumivu. Sasa mrejeeni yule mama yangu. Kaja anaumwa mwili wote, nimempa vidonge. Vimekwisha, kanunua vingine dukani, havihitaji karatasi ya daktari. Asubuhi kimoja, usiku kimoja, mara nyingi kabla hajatia kitu tumboni, kwa sababu mwenye kihoro hana hamu ya chakula. Kihoro chake hakikumtoboa tumbo. Vidonge nilivyompa mimi kwa kukataa kukiuliza kihoro chake ndivyo vilivyoanza kulitoboa. Aliporudi mara ya tano alikuwa anatoa choo cheusi. Alhamdulillahi, iliwahiwa.

Sasa nizungumze na watu wa pwani kuhusu pweza.

Wanawake wa bamvua mnanielewa. Maji yakitoka, unakwenda mwambani na mkuki wako, unatazama tundu. Pweza anapenda mahali pa mlango mwembamba na tumbo pana. Wavuvi wa Japani wanalijua hilo pia, na mtego wao ni mtungi wa udongo, shingo nyembamba, chini duara. Wanauzamisha, pweza anaingia mwenyewe. Mtungi huo wanauita takotsubo. Mwaka 1990 madaktari wa huko waliandika habari za wagonjwa waliokuja na kifua kinachouma vile vile kama mshituko wa moyo, lakini mishipa ya moyo haikuwa imeziba. Walipoupiga picha moyo, chumba cha kushoto cha chini kilikuwa kimevimba kama puto na shingo imebaki nyembamba. Umbo la ule mtungi. Wakayaita maradhi hayo kwa jina la mtego wa pweza, na jina hilo linatumika dunia nzima hivi leo.

Yanampata nani? Wengi mno ni wanawake, hasa waliokwisha kukoma hedhi. Na mara nyingi yanatanguliwa na jambo zito: kufiwa, hofu ya ghafla, ugomvi mkubwa. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2004 kule Niigata, wagonjwa wa namna hii waliongezeka. Wengi hupona ndani ya wiki chache na moyo ukarudi umbo lake. Wapo wanaokufa. Kwa hiyo nyanya zetu waliposema bibi fulani kafa kwa kihoro siku ya tatu ya matanga ya mumewe, huenda waliona walichokisema.

Nasema hili na papo hapo naweka onyo, na nyote mlishike. Mtu akishikwa na kifua, akatokwa na jasho la baridi, akabanwa na pumzi, maumivu yakapanda taya au mkono, msikae kumwambia "ni mawazo". Hospitali, saa ile ile. Hakuna mtu anayeweza kutofautisha kwa macho, si mimi, si daktari. Kipimo kwanza. Ninayoyasema leo ni ya kuongeza juu ya vipimo, hayaviondoi.

Sisi watu wa visiwa tuna kihoro cha aina yetu, nacho ni cha bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilikuwa inatoka Unguja kuja huku. Ilizama mkondo wa Nungwi. Maiti zilizopatikana zilipita 200, na wasiopatikana walikuwa wengi zaidi ya hao. Haujapita mwaka, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Ukumbi huu, nikisema kila aliyepoteza mtu asimame, sijui wangapi watabaki wamekaa. Sitasema hivyo.

Aliyezika ana kaburi. Atalizuru, atasoma Yasin, atang'oa majani, atalia, atarudi nyumbani. Yule ambaye maiti yake haikuonekana, akili yake inajua, lakini mwili haujapewa ruhusa ya kujua. Honi ya meli ikilia, tumbo linajikunja. Simu ikiita usiku, moyo unatoka. Kusi likivuma, usingizi haupo. Mwenyewe hasemi, na wala huenda hajui kwa nini kila mwaka mwezi huo huo mgongo unamshika. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, ukubwa wake kama lozi, kazi yake kupiga kengele ya hatari, na sehemu hiyo haina kalenda. Harufu ya dizeli na maji ya chumvi kwake ni usiku ule ule.

Wapo pia kati yetu waliokimbia Januari 2001, wakavuka bahari kwa vyombo vidogo mpaka Shimoni, Kenya. Sizungumzii siasa, na mheshimiwa asiwe na wasiwasi. Nazungumzia mwili. Mtu aliyekuwa mtoto wa miaka saba siku ile leo ni mtu mzima mwenye watoto, na akisikia mshindo wa mlango uliobamizwa na upepo anaona haya kwa namna anavyoruka.

Hilo linanileta kwa watoto, na hapa nawaomba walimu mnisikilize zaidi.

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walitoa matokeo ya kazi yao ya San Diego, California. Waliwauliza watu wazima yaliyowapata utotoni: kupigwa, kutukanwa na kudharauliwa, kudhalilishwa kimwili, kumwona mama akipigwa, kukaa nyumba moja na mlevi au mtu aliyewahi kufungwa. Kwa jumla, pamoja na awamu ya pili, walioulizwa walipita 17,000. Hawakuwa mafukara, wengi walikuwa watu wenye kazi na bima. Wakalinganisha majibu na maradhi. Waliopatwa na mambo manne au zaidi walikuwa na maradhi ya moyo karibu mara mbili ya wale ambao hawakupatwa na lolote. Kiharusi pia mara mbili na zaidi. Sehemu moja ni kwa sababu mtu aliyeumizwa anatafuta sigara au kileo apate kupumua. Lakini sehemu nyingine ni ile ngalawa: mwili uliojifunza kufua maji ukiwa bado unakua.

Haina maana kwamba aliyeumizwa utotoni kaandikiwa kuugua. Mtoto akiwa na mtu mzima mmoja wa kumwamini, hali hubadilika sana. Mmoja.

Na sisi hapa tuna ukuta unaomzuia huyo mmoja, nao tunauita muhali. Mtoto kadhalilishwa na ami yake, na mjomba, na jirani aliyetukopesha mbegu. Tunajua. Bibi anajua. Kesi inafika kituoni, kisha inarudi nyumbani, kwa sababu muhali: tutatizamanaje harusini? Tutazikana vipi? Nayaelewa haya, nimezaliwa humu humu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimpokea yule mtoto baadaye. Ana miaka kumi na minne, tumbo linamkata kila Jumatatu, vipimo safi. Ana miaka kumi na saba, anaanguka darasani, skuli wanasema pepo, anasomewa, anazinguliwa. Ana miaka ishirini na tisa, mimba zinatoka, kichwa hakimwachi. Kila mara nilikuwa nikifungua faili jipya. Jamani, lilikuwa faili moja. Heshima ya ukoo tuliyoihifadhi, gharama yake aliilipa yeye kwa utumbo wake na kichwa chake.

Sina ugomvi na kisomo. Nimesomewa mimi mwenyewe na nimepata utulivu. Anayemsomea mtoto aliyeanguka, amsomee, kisha ambakishe chumbani na mama yake au na mwalimu anayempenda, amuulize taratibu nani anamwogopa. Masheikh, nyinyi watu wanakufungulieni vifua kuliko wanavyotufungulia sisi wenye makoti meupe. Hilo ni jambo kubwa mikononi mwenu.

Mtaniuliza, tufanye nini? Sisi hapa tuna madaktari wa akili wa kuhesabika, na mtu ukimtajia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili huko Unguja, anadhani unamwita mwendawazimu.

Nakupeni habari ya Zimbabwe. Harare, mwaka 2006, daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda hakuwa na wauguzi wala chumba. Akawachukua bibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, wanawake wazima wanaojulikana na kila mtu, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Wakakaa kwenye benchi la mbao, nje ya kituo cha afya, chini ya mti. Hawakutumia maneno ya vitabuni. Washona wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, nao wakaanzia hapo. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 yalichapishwa, na waliokaa na wale bibi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi baraza tunazo. Za saruji, za mawe, kila nyumba. Tuna usiku wa kuchambua karafuu, ambapo wanawake kumi wanakaa jamvini, mikono inatenga makonyo, macho yako chini, na kwa sababu macho yako chini mdomo unapata ujasiri. Mengi niliyoyajua kuhusu maradhi ya watu nimeyasikia hapo, si kwenye chumba cha daktari.

Ila kuna adabu yake. Msimlazimishe mtu asimulie. Imeonekana kwamba kumkalisha mtu mara moja baada ya msiba na kumtaka aeleze yote hakumsaidii, na pengine kunamzidishia. Muulize mara moja, kwa upole, kisha nyamaza. Akisema "hapana kitu", mwambie "haya," na kesho mpelekee uji. Ukiambiwa siri, ikae kwako, isipokuwa kuna mtoto anaumizwa au mtu anayetaka kujiua. Hapo muhali hauna nafasi. Nenda kituo cha afya, nenda kwa sheha, siku ile ile.

Na mwili wenyewe unahitaji kuambiwa kuwa nyoka kaondoka. Kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta, kunagusa mshipa mrefu wa fahamu unaoteremka kutoka shina la ubongo kupita shingoni hadi moyoni na tumboni, na moyo unapunguza mwendo. Wanaokaa na uradi wao baada ya sala ya alfajiri, bila ya haraka, wanaijua hiyo hali. Kutembea kunasaidia. Kula kwa wakati. Kulala saa ile ile. Vidonge vya presha msiviache, hata siku mkijisikia vizuri.

Nimalize na mama yangu.

Alipolazwa kwa lile tumbo, usiku mmoja nilikuwa zamu, wodi imetulia. Nikavuta kigoda nikakaa kando ya kitanda chake. Nikamuuliza, "Mama, lini ulianza kutolala?" Sikumuuliza kwa nini, nilimuuliza lini tu. Alikaa kimya mpaka nikadhani kasinzia. Kisha akasema, "Tangu mwanangu alipokwenda dago."

Mwanawe alikuwa kenda dago, kuvua na kupiga kambi mbali na kwao, na wenziwe watatu. Chombo hakikurudi, wala ubao. Alikuwa na desturi ya kurudi usiku, na maji, na mlango hupenda aukute wazi asimwamshe mtu. Mama yule alilitoa komeo la mlango. Alikuwa analala na mlango uliorudishwa tu, miaka kumi na moja, sikio liko nje. Kila paka aliyepita, kila jani la mnazi lililoanguka, aliamka. Nikaelewa shingo, nikaelewa mabega, nikaelewa presha. Alikuwa zamu usiku kucha kama mimi, ila yeye hakuwa na wa kumpokea.

Sikuwa na dawa ya kumpa. Nilimshika mkono. Nikamweleza binti yake, kwa ruhusa yake. Binti akarudi nyumbani akazungumza na wanawe.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda kisiwani kwao kwa shughuli za chanjo, nikapita kumwamkia. Alikuwa kanona kidogo. Akaniambia mjukuu wake wa kiume, mtoto wa miaka kumi na mbili, kahamisha godoro lake, kalitandika nyuma ya mlango. Usiku wa kwanza akamwambia, "Bibi, lala. Akija ntamfungulia miye."

Akasema usiku ule alizinduka kwa adhana ya alfajiri.

Mashine ya presha nimekuja nayo, iko juu ya ile meza karibu na dirisha. Nitakaa hapo mpaka laasiri. Anayetaka kupimwa aje, na anayetaka kukaa bila ya kupimwa aje pia, viti viko viwili.